Ndimu ya Mchana

Kama gazeti la wiki jana lilikwenda kufungia karanga kabla hujalisoma, usijilaumu. Hukukosa kitu ila kilio.

Niliwaacha pale mume wangu, fundi umeme, alipopanda nguzo akiwa mzima akashushwa akiwa maiti. Aliniachia vyumba viwili vya kupanga, redio aliyokuwa akiapa kila Jumapili kwamba ataitengeneza, na binti yake wa miaka sita ambaye sikumzaa mimi. Mama yake mzazi alifariki siku alipomleta duniani. Mimi nilimkuta anatambaa. Alikuja akitambaa mpaka miguuni kwangu, akakaa, na tangu siku hiyo mimi ni mama yake.

Jina lake halisi analitumia mwalimu peke yake. Sisi tunamwita Kijiko, kwa sababu nikichanganya asali jikoni, hakuna kijiko kinachofika kwenye beseni la vyombo kabla hajakilamba.

Mimi nami mtaani naitwa Mama Tango. Kiwanda cha mikate kilipotupunguza kazini, nilianza kuwatengeneza wanawake nyuso kwa vitu vya jikoni. Parachichi kwa ngozi kavu. Mtindi na unga wa shayiri kwa chunusi. Sukari na ndimu za kusugulia madoa. Na mteja akishalala, vipande vya tango juu ya macho. Tango halina kazi kubwa, nawaambieni ukweli. Lakini mwanamke akifunikwa macho ndipo hunyamaza, na akinyamaza ndipo uso hutulia.

Basi. Leo ni habari ya mkono wangu wa kushoto.

Ilikuwa Jumamosi. Wapambe wa bi harusi mmoja wa mtaani walitaka kusuguliwa nyuso wote kwa pamoja, na walitaka asubuhi, maana jioni walikuwa na ukumbi.

Marehemu mama yangu, aliyenifundisha kazi hii, hakupaka mtu ndimu kabla jua halijazama. Sikuwahi kumuuliza sababu. Nilidhani anaona haya, majirani wasimkute na mtindi usoni.

"Njooni asubuhi," niliwaambia wapambe. Mjane hachagui saa ya mteja.

Nikakamua ndimu mpaka vidole vikasinyaa. Kijiko alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anasubiri zamu yake ya asali.

"Mama, ndimu inafanya nini?"

"Inatoa madoa."

"Na asali?"

"Inapoza."

"Na mimi nipake."

"Wewe una doa gani? Lamba kijiko chako, uniondokee."

Alipomaliza alikuwa ananata kuanzia mashavu mpaka kitovu. Nikampeleka uani, nikamtia kwenye beseni la maji, nikarudi kukamua. Wapambe wakawa wananiita huku, mtoto ananiita kule. Nikatoka mbio na mikono yangu vilevile, nikamshika mikono karibu na mabega nikamnyanyua, nikamkumbatia, kiganja changu cha kushoto mgongoni mwake. Nikamtekenya. Alicheka mpaka wapambe wakachungulia dirishani.

Akashinda uani kifua wazi siku nzima, anawapikia wanasesere wake mchanga. Jua lilikuwa kali sana.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Mengine yote niliyafanyiwa.

Jumatatu alisema mgongo unawasha. Nikaona wekundu, nikadhani ni joto, nikampaka mtindi. Jumatano nikaitwa shuleni.

Ofisini nilimkuta mwalimu wa darasa, afisa wa ustawi wa jamii, ambaye ni mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi, na wifi yangu, dada wa marehemu. Wifi alikuwa amempakata Kijiko. Sikuambiwa kwa nini yeye aliitwa kabla yangu.

"Keti, mama," afisa alisema. Kisha akamgeuza mtoto taratibu, akapandisha shati.

Mkono. Mkono wa mtu mzima mgongoni mwa mwanangu, wa rangi ya kahawia, vidole vitano, na kwenye ncha za vidole malengelenge yaliyojaa maji. Mikononi mwake, kila upande, alama ya dole gumba.

"Mungu wangu! Nani kamfanya hivi?"

"Ndilo tunalokuuliza," afisa alisema. "Weka mkono wako hapa."

"Nini?"

"Wa kushoto. Usimguse. Uweke karibu tu."

Nikaweka. Ulienea kama sahani na mfuniko wake. Hata pale kwenye pete yangu ya ndoa, alama ilikatika na kuacha mstari mwembamba wa ngozi safi.

Mwalimu akashika mdomo.

"Sijampiga," nilisema.

"Zahanati wanasema ni mkono wa mtu mwenye hasira."

"Sijampiga! Kijiko, waambie. Mama alikupiga?"

Kijiko alinitazama. Mtoto huyu sikumfundisha uongo, na siku hiyo nililipwa.

"Aliinua mkono," alisema.

"Lini, mwanangu?" afisa akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Siku ya kumzika baba."

Ni kweli. Siku ile aliniuliza, na kuuliza tena na tena, baba atashuka lini kwenye nguzo. Niliinua mkono. Niliushusha mezani, kikombe kikaruka kikavunjika. Hakuguswa. Lakini nani ataeleza kikombe mbele ya mgongo ule?

Nikamgeukia wifi. "Wifi, waambie. Wewe unanijua."

Wifi alitazama sakafu. Si mtu mbaya, na ndilo jambo linalonitesa. Hakujaliwa mtoto, na kaka yake alikuwa ndiye ndugu yake wa pekee. Siku ya msiba tulilia tumeegemeana mabega.

"Wifi," alisema hatimaye, "hata kama hukumpiga, huyu ni damu yetu. Uchungu wa mwana aujua mzazi."

"Mzazi ni nani hapa? Ni wewe?"

"Basi, basi," afisa akaingilia. "Mtoto atakaa kwa shangazi yake mpaka kikao cha Ijumaa ya wiki ijayo. Na nikwambie mapema, mama, usije ukanilaumu. Hata ukionekana huna kosa, ndugu wa damu ndiye tunayemfikiria kwanza."

Kijiko alipotolewa nje hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, utakilamba wewe kijiko?"

Nikamjibu nitamwekea. Nilijibu nikiwa nimesimama wima kabisa, na nilipofika nyumbani nikaanguka jikoni kama gunia.

Mtaa nao ukapata la kusema. Mama wa kambo si mama. Lisemwalo lipo. Wanawake ambao nimewasugua chunusi tangu zikiwa mbichi walianza kupita upande wa pili wa barabara. Waliokuwa na miadi wakaumwa vichwa siku moja, wote, sijui kwa dawa gani.

Lakini niwaambieni kilichoniuma zaidi. Nilianza kujishuku. Nilikaa mezani nikautazama mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa umeenea mgongoni mwake, pete imekaa pake. Je, nilimpiga nikiwa usingizini? Je, huzuni inaweza kumpiga mtoto na kumsahaulisha aliyempiga? Niliuuliza mkono ule kwa sauti, peke yangu, kama mwehu.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, mlango ukagongwa kwa teke.

"Mama Tango! Toka!"

Alikuwa Fundi, mshonaji wa mtaa wetu, mmoja wa wale wapambe. Alikuwa amejifunika kichwa kwa kitambaa cha pazia. Alipoingia akakivua.

"Nitazame! Ulinipaka nini? Tangu Jumatatu najificha, nadhani ni joto. Mimi ni mtu au chui?"

Upande wa kushoto wa uso wake, toka kwenye paji mpaka taya, ulikuwa wa kahawia. Mstari mmoja uliteremka shingoni, kama tone lililokimbia. Upande wa kulia ulikuwa laini, unang'aa, kazi nzuri kabisa ya mikono yangu.

Rangi ile niliijua. Nilikuwa nimeiona mgongoni mwa Kijiko.

"Fundi, siku ile ulipotoka hapa ulikwenda wapi?"

"Niende wapi? Si nilikuwa namalizia magauni ya wenzangu! Cherehani yangu iko barazani, hujui?"

"Unakaaje?"

"Nakaa kwa makalio!"

"Fundi, nakuomba. Ukuta uko upande gani?"

"Kulia. Kushoto barabara. Kwani tunapimana kiwanja?"

"Na jua?"

Akashika shavu la kushoto.

"Na wale wengine, wana madoa?"

"Hawana. Wao walikwenda saluni wakasukwa ndani mpaka jioni."

Nikaikalia ndoo ya Kijiko. Ndimu na jua! Mikono yangu ilikuwa imelowa ndimu nilipomkumbatia mtoto mtupu, nikamwacha juani. Ndiyo maana mama yangu alisubiri giza. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa jikoni kwangu mwenyewe, kwenye kapu, kijani kibichi.

Nilicheka. Kisha nililia. Fundi akadhani nimechanganyikiwa, akaniletea maji.

"Twende wote Ijumaa," nilimsihi. "Ukaonyeshe uso wako."

"Uso huu?" Akajifunika kitambaa chake cha pazia. "Mama Tango, nakuonea huruma, haki ya Mungu. Lakini uso huu hautoki ndani mpaka urudi kuwa wangu."

Jumatatu nikaenda ofisi ya ustawi. Karani wa mlangoni hakuinua hata kichwa. "Una kikao Ijumaa. Yatasemwa Ijumaa."

Maneno ya mama wa kambo hayana uzito, hilo nilishalijua. Nikaona nitapeleka ngozi.

Siku ileile, jua la utosi, nilikamua ndimu nikalowesha mkono wa kushoto, nikaugandamiza kwenye mkono wa kulia, pale ndani ambapo ngozi ni laini kama ya mtoto. Nikakaa uani, nimeunyoosha mkono juu ya goti.

"Sasa anaanika mkono," nilimsikia jirani akimwambia mwenzake ukutani. "Kesho ataanika kichwa."

Jumanne, hakuna kitu. Jumatano asubuhi, hakuna kitu, na mimi sikula. Nikasema, basi, ngozi yangu imezoea, imekuwa sugu kama moyo wa karani. Jioni ikaanza kuwasha. Sijawahi kufurahia kuwashwa kama jioni ile! Alhamisi pakavimba, yakatoka malengelenge, nikauma kitambaa kwa maumivu, na papo hapo nikapata uchungu mwingine mkubwa zaidi. Kijiko aliumia hivi, na mimi nikampaka mtindi nikamwambia atulie, ni joto tu.

Ijumaa alama ilikuwa imekamilika. Vidole vitano. Hata mstari wa pete ulikuwepo.

Nikavaa sweta la marehemu mume wangu, lenye mikono mirefu, ingawa joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa. Sikutaka mtu aione njiani aanze kuitungia hadithi. Nilitaka niifunue mbele yao wote, pale mezani, mara moja.

Chumba cha ustawi ni kidogo. Benchi moja, meza moja, feni iliyokufa, dirisha linalotazama ukuta. Afisa alikuwa anafunga upya uzi wa miwani yake.

"Afisa, kabla hatujaanza, nina kitu cha kukuonyesha."

"Subiri, mama. Shangazi mtu afike, nisisikilize upande mmoja."

Nikasubiri. Mkono uliwaka ndani ya sufi. Nikajiambia, leo nasafishika. Kuhusu damu nitabishana nao baadaye, lakini leo nasafishika.

Mlango ukafunguliwa. Wifi akaingia amembeba Kijiko, uso wa mtoto umelala begani. Nguo mpya, viatu vipya, nywele zimesukwa vizuri kuliko ninavyoweza mimi.

"Kijiko," niliita.

Akageuka.

Shavu lake la kulia lilikuwa limevimba. Vidole vilikuwa vimelala juu yake, vya kahawia, na chini ya sikio lengelenge moja kubwa lililopasuka.

Afisa akasimama mpaka kiti kikaanguka. "Shangazi! Hii nini?"

"Hata mimi sielewi." Wifi akamkumbatia mtoto kwa nguvu. "Aliamka tu hivi. Na mgongoni pameongezeka. Nilidhani ndio pale pa zamani panaendelea."

"Pa zamani pawe shavuni? Mtoto alikuwa kwako muda wote huu."

"Alikuwa kwangu. Sijamgusa kwa ubaya. Naapa kwa kaburi la kaka yangu."

"Weka mkono."

"Afisa..."

"Weka mkono wako!"

Wifi akauweka karibu na shavu la mtoto. Ulienea. Akatoa sauti ambayo nilikuwa nimeitoa mimi ofisini kwa mwalimu, ileile, nikaitambua.

Kijiko akateleza kutoka mikononi mwake, akaja kwangu. Alipofika karibu nikaisikia harufu.

Ndimu.

Nikatazama kucha za wifi. Ndani yake mlikuwa na kijani, vipande vidogo vya ganda. Na hapo nikaelewa yote. Mwaka jana wifi alikuja kwangu analalamika madoa ya shingoni, nikamkalisha jikoni, na kwa mdomo wangu huu nikamwambia, "Paka ndimu, wifi. Hakuna doa linaloishinda." Yeye hufanya usafi wa nyumba za watu jioni, hivyo mchana ndio wasaa wake. Kila siku alikuwa akikaa na mtoto barazani, anamsugua alama mgongoni, huku mkono mwingine umemshika shavu ili asijipinde. Najua anavyomshika, maana mimi humshika hivyohivyo.

Alikuwa anajaribu kuufuta mkono wangu kwa mwanangu.

Afisa akaniokotea kiti akanikalisha. Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa.

"Mama, tulikukosea. Nakuomba radhi kwa niaba ya ofisi. Huyu mtoto anarudi na wewe sasa hivi. Na wewe, shangazi, hutoki hapa. Nawaita polisi."

Akavuta simu.

Sasa nawaambieni jambo ambalo sijamwambia mtu. Moyo wangu ulifurahi. Ulifurahi kabla sijauruhusu. Nilikuwa nimekuja na ukweli ndani ya sweta, nikaona kwamba nikiufunua tutakuwa safi sote wawili, mimi na wifi. Na watu wawili wakiwa safi, mmoja ana damu na mwingine hana, mtoto anakwenda kwa nani? Afisa alishaniambia. Nikinyamaza, Kijiko analala nyumbani leo, na kijiko cha asali niliyomwekea kiko rafuni kinamsubiri.

Wifi hakulia. Alinitazama mimi, si afisa.

"Wifi," alisema. "Waambie. Wewe unanijua."

Nikatazama sakafu.

Kijiko akapanda mapajani kwangu, akalaza shavu lake zima kifuani pangu, akaanza kuchezea kifungo cha mkono wa sweta, kama alivyokuwa akikichezea baba yake akilivaa. Akakifungua. Akanyanyua uso kunitazama.

"Mama," aliuliza, na chumba chote kilimsikia, "mbona umevaa sweta la baba na joto lote hili?"